Ant-Man ni filamu nzuri, au tuliidharau mno kabla ya kuiona?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tumetazama Ant-Man, ile ya 2015, kwa mara ya kwanza. Sikuwa na hamu nayo hata kidogo. Mtu anavaa vazi linalompunguza hadi analingana na sisimizi, kisha anawatuma sisimizi wamsaidie kuiba; tena nilikuwa nimesoma kwamba mwongozaji wake wa kwanza aliondoka kabla kazi haijaanza. Nilikaa nikijua nitasinzia. Badala yake nilicheka hadi machozi, na kwenye pambano la mwisho roho ilikuwa juu juu. Kaka anasema filamu yenyewe ni ya kawaida, ila kwa kuwa niliitarajia mabaya, hata kidogo ilichonacho kikaonekana kingi. Je, ana haki? Na mtu atajuaje kama filamu ni nzuri kweli au imebahatika tu kudharauliwa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kaka yako ameshika jambo la kweli, ila ameshika mkia akadhani amemkamata mnyama mzima. Ulichokipata siku ile kilikuwa na vitu viwili ndani yake: mshangao wako, na kazi ya waliotengeneza filamu. Mshangao ulikuja nao wewe, na haurudi mara ya pili. Kazi yao imo kwenye filamu, na itakuwemo hata ukiitazama mara kumi. Naamini Ant-Man inayo kazi ya kutosha kusimama bila mshangao, na nitakuonyesha iko wapi. Lakini kwanza nimpe kaka haki yake.

Mwaka 1980 mtafiti wa tabia za wateja, Richard L. Oliver, alichapisha makala iliyoeleza kuwa kuridhika kwa mtu hakutokani na kitu alichopewa peke yake, bali pia na pengo kati ya alichotarajia na alichopata. Kwenye sinema jambo hili lina nguvu kuliko kwenye bidhaa nyingi, kwa sababu filamu huuzwa kwa ahadi. Unalipia trela, bango na majina kabla hujaonja chochote. Ahadi ikiwa kubwa, filamu nzuri huonekana hafifu. Ikiwa ndogo, filamu ya wastani hutoka kifua mbele.

Na ahadi ya Ant-Man ilikuwa imechakaa kabla filamu haijatoka. Yule mwongozaji wa kwanza, Edgar Wright, na mwandishi mwenzake Joe Cornish walikuwa wameibeba kwa miaka mingi. Mei 2014 Wright akajitoa, yeye na studio wakisema wametofautiana kuhusu filamu iwe ya namna gani. Peyton Reed akakabidhiwa, Adam McKay na Paul Rudd wakaupitia upya mswada, na Agosti mwaka huohuo kamera zikaanza kazi. Filamu ilipofika kwenye majumba ya sinema Julai 2015, zilikuwa zimepita wiki 11 tu tangu Marekani ioneshwe Avengers: Age of Ultron, filamu nyingine ya studio hiyohiyo, ambamo mji mzima unang'olewa ardhini na kupandishwa angani ili uangushwe kama kimondo. Baada ya mji unaopaa, nani angemngoja mtu anayekimbia kati ya nyuzi za zulia? Mimi pia niliingia ukumbini siku zile nikiwa na moyo mzito. Kwa hiyo ndiyo, katika sifa za mwanzo za filamu hii mlikuwa na pumzi ya watu waliokuwa wameogopa ajali, wakaona gari limefika salama.

Kaka yako akikutajia pia asilimia za mtandaoni, hapo msikilize kwa tahadhari. Rotten Tomatoes, ambayo wengi huinukuu kana kwamba ni mizani ya ubora, huhesabu ni wahakiki wangapi kati ya wote wameikubali filamu. Haihesabu wameipenda kiasi gani. Wahakiki 100 wakisema kwa kauli moja "si mbaya", filamu hupata 100. Wahakiki 60 wakiiona ajabu ya karne na 40 wakaichukia, hupata 60. Mfumo huu unazipendelea filamu nyepesi na za kuchekesha, kwa sababu ni vigumu kumkasirikia mtu aliyekuchekesha. Kwa hiyo asilimia kubwa haimalizi ubishi wenu, si kwa upande wako wala wake.

Kinachoumaliza ni kuitazama tena wakati mshangao umekwisha. Mimi nilifanya hivyo miezi kadhaa baadaye, nikiwa na kalamu, nikijua kila kitakachotokea. Nilitaka kuona kicheko kitatoka wapi kama hakitoki kwenye nafuu ya "kumbe si mbovu". Kilitoka mahali pamoja zaidi ya pengine pote: kwenye vipimo.

Chukua pambano la mwisho, lile lililokupandisha roho. Scott Lang, shujaa wetu, na adui yake, Darren Cross, wote wamepungua, nao wanapigana juu ya reli za treni ya kuchezea ya Thomas katika chumba cha mtoto wa Scott, Cassie. Kamera ikiwa chini pamoja nao, treni inavuma kama treni ya kweli, inamjia mtu aliyelala relini, muziki umepanda, unajishika kiti. Kisha Reed anakata, kamera inarudi kwenye urefu wa macho ya binadamu, na unachokiona ni kitreni cha plastiki kinaacha reli na kulala ubavu kwa mlio mdogo usioweza hata kumwamsha mtu. Halafu tunarudi chini, na hatari iko palepale.

Tazama kilichofanyika hapo. Filamu haikutoka nje ya pambano ili itutanie. Imetuonyesha jambo moja kutoka pande mbili, na pande zote mbili ni za kweli. Kwa Scott ile ni treni inayoua, kwa chumba ni mchezo wa mtoto. Kicheko kinazaliwa kwenye mpasuko kati ya picha na picha, katika sekunde ambayo jicho linapima upya. Na kwa kuwa mtoto mwenyewe yumo chumbani, ametishwa, hofu haiondoki hata tukicheka. Hili halitegemei kabisa ulitarajia nini ulipokaa. Ningeketi nikiwa natarajia filamu bora ya mwaka, ule mkato ungefanya kazi vilevile.

Na wazo hilo halikuokotwa mwishoni. Mara ya kwanza Scott anapolivaa vazi anapungulia ndani ya bafu, na bomba la maji linageuka mafuriko. Kuanzia hapo kila kitu cha nyumbani kinakuwa nchi ngeni yenye hatari zake. Hank Pym, mzee anayechezwa na Michael Douglas, anatembea na kishikio cha funguo chenye kifaru kidogo cha vita. Tunakiona, tunakisahau, kisha wakati wa kutoroka kinakua na kuwa kifaru kamili kinachobomoa ukuta. Anayepanda mbegu mapema hivyo na kuvuna kwa wakati wake ni fundi.

Hapo hapo niseme pale ambapo hesabu yao haikai sawa, maana nisingependa uone nimeipaka mafuta. Pym anaeleza kuwa vazi linapunguza nafasi kati ya atomu, hivyo mtu anabaki na nguvu zake na kugonga kama risasi. Basi uzito nao unabaki. Sasa inakuwaje mtu mzima apande mgongoni mwa sisimizi mwenye mabawa akaruka naye? Na kifaru kile, tani zake zote, kinaningʼiniaje kwenye funguo za mzee? Hakuna jibu. Mimi naisamehe kwa sababu kanuni hiyo haivunjwi ili kumtoa shujaa kwenye shida isiyo na mlango. Inavunjwa ili tupate picha ya kufurahisha. Watazamaji tuna ukarimu wa namna hiyo. Tunachokataa ni kudanganywa pale matokeo yanapoamuliwa.

Jambo la pili nililolikuta ni uzito wa uso wa Paul Rudd, anayemcheza Scott. Kabla ya 2015 alijulikana kwa vichekesho, na wengi walidhani amechaguliwa ili atanie. Mtazame tena. Anapokuwa hatarini hatanii hatari. Anaogopa kama mtu anavyoogopa. Ucheshi wake unatoka kwa mtu mwenye aibu ya kukutana na mkewe wa zamani, anayetaka kupata kazi, anayetaka siku moja tu ya kukaa na binti yake. Sisi tuliokua na hadithi za Sungura tunalijua hili tangu utotoni: tunacheka anapomzunguka Fisi au Tembo, lakini Sungura mwenyewe hacheki. Anakimbia kuokoa ngozi yake. Siku Sungura akianza kucheka pamoja nasi, hadithi imekufa.

Historia ya Batman kwenye sinema inalithibitisha vizuri. Katika filamu ya 1966 Adam West, anayemcheza Batman, anakimbia huku na huko bandarini akiwa amebeba bomu linalofuka, na kila anapotaka kulitupa anakuta watu: watawa, bendi ya wapiga ala, hata bata na vifaranga majini. Ni upuuzi mtupu, na West anaucheza kwa uso wa mtu anayebeba dhamana ya roho za watu. Bado inachekesha baada ya zaidi ya nusu karne. Mwaka 1997 ikaja Batman & Robin, ambamo Arnold Schwarzenegger, akiwa adui wa barafu, anatoa mzaha wa baridi na barafu karibu kila anapofungua kinywa. Pale filamu yenyewe ndiyo inayocheka, ikitukonyeza tucheke nayo. Hakuna anayeogopa, kwa hiyo hakuna cha kuvunja kwa kicheko. Baada yake ilichukua miaka 8 Batman kurudi na filamu yake. Filamu zote mbili huitwa nyepesi, lakini wepesi wake si wa aina moja, na hilo la kutofautisha aina za wepesi ndilo ningetamani wahakiki walitilie mkazo zaidi.

Katika Ant-Man kuna sisimizi mmoja ambaye Scott anampa jina, Antony, akawa farasi wake. Anapopigwa risasi akiwa angani, bawa linadondoka taratibu, na Scott analia jina lake. Nimekaa na watu wakicheka onyesho hilo na wengine wakinyamaza, na nadhani wote wameelewa sawasawa. Mwigizaji angemfanyia sisimizi kejeli, tusingepata hata kimoja.

La tatu nitalipita haraka: filamu hii kwa mifupa yake ni hadithi ya wizi wa kupangwa. Kuna mzee mwenye ramani, kijana mwenye vidole vyepesi, genge la marafiki watatu, jengo lisiloingilika. Hadithi za wizi zina furaha yake ya asili, na zinakuwezesha kuwa na hofu bila kuangamiza dunia. Michael Peña, kama Luis, anasimulia habari zilizopita mdomo hadi mdomo, na kila mtu kwenye simulizi anachezesha midomo huku sauti ni ya Luis mwenyewe. Ni dakika chache, lakini mwendo wa maneno na mikato ya picha umeshonwa kwa umakini mkubwa.

Sasa tumrudie kaka yako, maana yako mambo ambayo matarajio ya chini yaliyafunika machoni pako, kama yalivyoyafunika machoni pangu mara ya kwanza. Adui ni mtupu. Darren Cross amepewa sababu moja, kwamba Pym, mwalimu wake, alimkataa, na filamu haikai naye hata dakika tano kuifanya sababu hiyo iumize. Corey Stoll anajitahidi kwa macho na sauti, lakini hana chakula mezani. Isitoshe, umbo zima la ugomvi lilikwisha tumika na studio ileile kwenye Iron Man ya 2008: mvumbuzi, mtu wa karibu anayemgeuka, vazi la pili lenye nguvu zaidi, mapigano ya vazi kwa vazi. Na Hope, binti wa Pym, linaniuma zaidi kila ninapoitazama. Ndiye anayelijua jengo, ndiye anayemfundisha Scott kupigana, anawaamuru sisimizi vizuri kuliko yeye, na bado anawekwa kando hadi onyesho fupi baada ya majina ya watengenezaji kuanza kupita, ndipo anaonyeshwa vazi lake. Filamu inajua kuwa hii si haki, inampa baba sababu ya uchungu, lakini inaendelea nayo hivyohivyo. Angekuja mtu aliyeambiwa kuwa hii ni kazi bora, haya angeyaona ndani ya nusu saa ya kwanza.

Kwa hiyo kaka anaposema "ya kawaida", kwenye adui na kwenye mpangilio wa hadithi yuko sahihi. Anapokosea ni kudhani kuwa ukiondoa mshangao wako hakibaki kitu.

Ushahidi wangu mkubwa ni filamu zilizofuata, kwa sababu zilitupa jaribio ambalo ni nadra kulipata: mwongozaji yuleyule, mwigizaji yuleyule, mhusika yuleyule. Ya 2015 iliingiza duniani takriban dola milioni 519. Ya 2018, Ant-Man and the Wasp, ilifika karibu milioni 622. Ile nayo ilitoka wiki chache baada ya filamu kubwa na nzito ya Avengers, na ikaendelea kucheza na vipimo: jengo zima la maabara linapunguzwa na kuburutwa kama sanduku la safari lenye magurudumu, na kopo la peremende lenye kichwa cha Hello Kitty linakuzwa katikati ya barabara wakati wa kufukuzana. Kisha 2023 ikaja Quantumania. Ilipewa mzigo wa kumtambulisha Kang, adui aliyetarajiwa kuzibeba filamu za miaka iliyofuata, na ikaishia karibu milioni 476, chini ya zote tatu.

Mtu wa haraka atasema: unaona, matarajio yalipanda, filamu ikaanguka. Mimi naona jambo lililo ndani ya picha. Karibu hadithi yote ya Quantumania imehamishiwa kwenye ulimwengu ulio chini ya atomu, ulimwengu wa rangi na viumbe vya kubuni. Pale hakuna bafu. Hakuna zulia, hakuna treni ya mtoto, hakuna kitu ambacho jicho linakijua ukubwa wake. Scott akikua au akipungua, huna cha kumlinganisha nacho. Ni umbo linaloongezeka mbele ya maumbo mengine. Luis naye hayumo. Walichukua mtu ambaye uzuri wake wote ulitokana na kuwa mdogo katika dunia ya kawaida, wakaiondoa dunia ya kawaida. Kama ubora wa ile ya kwanza ungekuwa ni matunda ya matarajio ya chini peke yake, basi ukiitazama leo, baada ya kusifiwa miaka mingi, ingepaswa kukuangusha. Wewe umeitazama juzi tu, na haikukuangusha. Ile ya 2023 inaangusha hata watu walioambiwa wasitarajie kitu.

Ukitaka mfano nje ya familia hiyo, Shazam! ya 2019 inafaa. Mvulana anageuka mtu mzima mwenye misuli, na adui, Dkt. Sivana, anaelea angani mbali akimtolea hotuba ya vitisho. Shujaa hasikii neno hata moja, kwa sababu yuko mbali mno. Tena ni vipimo, na tena ni kweli: umbali ule hakuna ambaye angesikia. Mzaha huo uliwaonyesha watazamaji wa aina hii ya filamu jambo ambalo walikuwa wamelitazama kwa miaka bila kulihoji.

Umeuliza mtu atajuaje. Mimi hufanya mambo mawili tu. Kwanza, nangoja wiki moja, kisha namsimulia mtu onyesho moja nililolipenda. Nikijikuta nasema "yaani ilikuwa inachekesha, ungeiona", bila kuweza kueleza ni nini hasa kilichotokea na kwa nini, najua kuwa nilichekeshwa na hali yangu ya siku ile. Nikiweza kulieleza picha kwa picha, kama nilivyokueleza ile treni, basi onyesho lina mifupa. Pili, najiuliza stelingi anataka nini ambacho hakihusiani na nguvu zake. Scott anataka kuruhusiwa kumwona Cassie. Ondoa vazi, ondoa sisimizi, haja hiyo bado ipo na bado inauma. Filamu nyingi za utani katika kundi hili hushindwa hapo. Ziliondolewa uzito wakati wa kutafuta wepesi, wakati wepesi wenyewe ulihitaji kitu kizito cha kukalia.

Sitakuambia kuwa Ant-Man ni filamu kubwa. Ni filamu ya wastani wa juu yenye wazo moja bora kabisa, na wazo hilo limetumiwa kwa ustadi tangu bafuni hadi chumbani kwa mtoto. Katika filamu za mashujaa, nyingi hazina wazo lolote la picha ambalo ni lao peke yao, na hilo nalipa alama nyingi kuliko adui aliyeandikwa vizuri.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni moja mkiwa mmetulia, mwombe kaka mrudie ile sehemu ya treni tu, mkiwa mmezima sauti kabisa. Pasiwe na muziki wa kumshawishi, wala maneno ya utani, wala matarajio, kwa kuwa tayari anajua kila kitu. Usimtazame uso mapema. Ngoja hadi kamera irudi juu na kitreni kilale ubavu, ndipo ugeuke umwangalie.